Mbwa Aliyeitwa Hosiana

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima pale Yuliana alipotoka na karai la majani ya kabichi kwenda kulisha nguruwe. Mimba ya miezi minane ilimlemea, akawa anashuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Akagonga karai mara mbili. Siku zote mlio ule ulimtoa mbio yule mtoto wa mbwa hata kama amelala, akaja kumng'ata upindo wa kanga na kumkwaza miguuni.

Leo hakuja.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, wima, anatazama moto. Tangu Jumatatu alikuwa hivyo. Habweki, hachezi, na ugali uliotoka mkononi mwa Kasimiri, mume wa Yuliana, hauonji. Na jikoni kulianza kunuka ugoro... ingawa nyumba ile haikuwa tena na mtu wa kunusa ugoro.

Hatua zikasikika. Kasimiri anarudi shambani, jembe begani. Mbwa akainuka. Akageuza uso, akatoka njiani, akaenda kusimama kando ya migomba, mgongo kaupa njia. Akatulia hivyo mpaka Kasimiri alipopita na kuingia ndani. Ndipo akarudi kizingitini kwake.

Karai lilimponyoka Yuliana.

Hivyo hasa ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya. Kwa watu wa ukoo wao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hutoka pembeni na kumpa mwenziwe mgongo mpaka apite. Lakini mama yake alikuwa kaburini tangu mwezi wa nane, na jina lake alikuwa Hosiana.

Na mbwa naye aliitwa Hosiana.

Hapo ndipo pa kumshangaa Kasimiri. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, malori yanapanda Mgeta kutoka Dar yakigombea kabichi, na kila mwenye bonde alijiona tajiri wa kesho. Kasimiri hakuwa na bonde. Alioa akahamia ukweni, na ardhi ya ukweni ni ya mabinti. Alipotaka bonde lote la kijitoni apande kabichi, mama mkwe alikataa. Mwezi mmoja baadaye bibi yule akafa, na bonde likageuka kabichi tupu.

Mbwa aliletwa na dereva wa lori ndani ya kikapu, ili alinde shamba. Kasimiri alikuwa amekwishalewa. Akamwinua yule mbwa jike mbele ya watu, akacheka. "Huyu ataitwa Hosiana! Alininyima bonde, sasa anilindie!" Makuli wakacheka naye. Wenyeji waliinamisha vichwa. Walijua kwamba jina la mtu aliyekufa haliitwi na mtu hadi lipewe mtoto mchanga wa damu yake. Likiitwa, mwenyewe hurudi. Kasimiri alilijua hilo vizuri, naye ni mtoto wa milima ileile, ila kiburi na pombe vikikutana hakuna mwiko unaosalimika. Yuliana alisimama mlangoni, tumbo mbele, jina alilolitunza kwa ajili ya mwanawe linapewa mbwa. Aliumia mpaka akakosa machozi.

Usiku wa siku ile ya karai, Kasimiri alisema mbwa ana kichaa. "Kesho nitamwita bwana mifugo."

"Kichaa hakimfundishi mbwa adabu ya ukweni," Yuliana alijibu.

Mumewe akamkata jicho. Lakini alihamisha kitanda chake mbali na mlango.

Asubuhi Yuliana alipanda kwa mama yake mdogo, Mama Furaha, mdogo wa marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mbwa."

Yuliana alikuwa hajasema neno.

Mama Furaha alisogeza kigoda, akanong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa na kuta. "Jina limeitwa, mwenye jina kaitika. Mumeo akiri alichomfanyia dada yangu, ndipo jina litamtoka mbwa na wewe utampa mwanao. Asipokiri, limepotea."

"Alimfanyia nini? Si alisema mama aliteleza kwa tope, pale kona ya mwamba?"

"Mwezi wa nane, mwanangu? Mimi nilipita pale siku hiyohiyo. Njia ilikuwa kavu, vumbi mpaka magotini."

Yuliana alihisi mtoto akigeuka tumboni.

"Na jambo moja ulijue," Mama Furaha aliendelea. "Dada yangu akianza kulipa kisasi, wa kumzuia ni wewe peke yako. Ukimwita mama, atakusikiliza."

Alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, ukungu umeshashuka na kufunika vijia. Kasimiri hakuwapo. Wala mbwa. Wala panga lililokaa juu ya mlango.

Akamsikia mumewe huko chini.

"Hosiana! Hosiana, njoo hapa!" Sauti ya Kasimiri ilikuwa tamu, sauti ya mtu aliyeficha panga mgongoni.

Yuliana akashuka akishika nyasi. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona zaidi ya hatua tatu. Kona ya mwamba ilikuwa mbele, njia pale ni upana wa miguu miwili, na upande wa kushoto hakuna kitu, ni upepo tu na mawe ya kijitoni chini kabisa.

"Hosiana!"

Halafu...

"Abee, mkwe."

Nywele zilimsimama Yuliana. Ile sauti aliijua tangu akiwa mgongoni kwa mwenyewe. Harufu ya ugoro wa mama yake ikamfikia, kali, mbichi.

Akasogea hatua moja. Akamwona mumewe, ameegemea mwamba kwa bega, panga mkononi. Mbele yake, katikati ya njia, alikaa yule mbwa mdogo. Safari hii hakugeuza uso. Alimtazama Kasimiri machoni.

"Toka njiani," Kasimiri alinong'ona.

"Siku zote nilitoka mimi," sauti ikasema. "Leo utoke wewe."

Mbwa akasogea hatua moja. Kasimiri akarudi nyuma, na kisigino chake kikaangusha jiwe. Lilichukua muda mrefu kufika chini.

"Yuliana! Uko hapo? Mwite mama yako! Mwambie aniache!"

Yuliana alishika tumbo lake. "Siku ile, Kasimiri... njia ilikuwa na tope?"

"Mke wangu..."

"Ilikuwa na tope?"

Mbwa akasogea tena.

"Haikuwa na tope!" Kasimiri alilia kama mtoto. "Alitoka pembeni kunipisha, akanipa mgongo. Nilimsukuma kidogo tu! Kidogo tu, Yuliana. Nimekiri! Sasa mwite!"

Alikuwa amekiri. Jina lilikuwa limerudi. Kilichobaki kilikuwa neno moja la herufi nne, na Yuliana alikuwa nalo kwenye ulimi.

Akamkumbuka mama yake, mgongo kaupa njia, anampisha mkwe kwa heshima.

Akafumba mdomo.

"Yuliana! Yuliana..."

Mawe yakaporomoka. Kisha kijito peke yake.

Walimwokota asubuhi. Mlima mzima ulisema ukungu umemponza, na Yuliana akasema hivyohivyo. Mbwa alirudi kuwa mbwa. Alibweka, aliiba mayai, alimng'ata upindo wa kanga. Yuliana hakujuta. Usiku alilala fofofo na kumngoja binti yake.

Akazaa mtoto wa kiume.

Siku ya kumtoa mtoto nje, wanawake walijaa uani. Jina la bibi halipewi mvulana, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake la kupendekeza, na Yuliana alikataa yote, akisema bado anafikiri. Mama yake Kasimiri, Bibi Rahel, alikuwa amefika kutoka ng'ambo ya mlima, macho yamevimba kwa kilio. Akamchukua mtoto kutoka mkekani.

"Kuna la kufikiri hapa?" alisema. "Baba yake kafa, jina lake liko wazi."

"Hapana, mama! Usiliite!"

Yuliana aliinuka, lakini bibi alikwishamwinua mtoto juu ya vichwa vya watu.

"Kasimiri!"

Mtoto yule tangu azaliwe alikuwa hajafumbua macho sawasawa. Aliyafumbua. Hakumtazama bibi aliyembeba, wala wanawake waliokuwa wanapiga vigelegele. Aligeuza kichwa taratibu mpaka akamwona mama yake, akamkazia macho, kama mtu aliyemwita mwenzake kwa jina, akaona ananyamaziwa.