Mzizi Uliopinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanatumu na mdogo wake Haroun hula mahamri kwa mbaazi jikoni, nyumbani kwao Barani, Malindi. Mwanatumu ana miaka kumi na miwili, na kwa kawaida mkono wake ndio wa kwanza kufika sahanini. Lakini Jumatatu moja aliuweka mapajani.

"Mbona huli?" mama yao, Bi Sumeiya, akauliza.

"Nimefunga, mama. Sunna ya Jumatatu."

Bi Sumeiya alifurahi hata chai ikafurika motoni bila yeye kuona. Mtoto wake kafunga sunna bila kuambiwa na mtu!

Ukweli ulikuwa mwingine. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa likimuuma tangu wiki iliyopita, na Mwanatumu alimwogopa daktari wa meno kuliko nyoka. Rafiki yake Pola alikuwa amemwambia kwamba meno hung'olewa kwa koleo, mtu kashikwa miguu.

Jumanne akafunga tena. Jumatano vilevile. Habari zikavuka ua, na jioni jirani yao, Bi Ilham, akaja na sahani ya kaimati zinazong'aa kwa shira. "Hizi za mcha Mungu wetu mdogo," alisema. Adhana ya magharibi ilipolia, mama akamwekea Mwanatumu kaimati nne na gilasi ya maji ya ukwaju, baridi kutoka kwenye friji. Wote wakamtazama afuturu.

"Lakini leo shuleni nimemwona akinywa maji bombani," Haroun akasema, mdomo umejaa kaimati.

Mwanatumu akababaika. Ili asiulizwe kitu, akapiga funda kubwa la ukwaju. Lo! Ubaridi ulimchoma jino hadi sikioni. Akapiga ukelele, gilasi ikamponyoka.

Hapo alilia, akayasema yote. Bi Ilham alijifunika mdomo kwa mtandio kuficha kicheko. Mama naye akamvuta karibu.

"Kwa saumu ya uongo, muombe Mola wako msamaha," alisema. "Na jino, kesho kwa daktari."

Kesho yake mama akampeleka Mwanatumu kliniki. Daktari Pamela Kalama, mzaliwa wa Rabai, alikuwa mwanamke mcheshi mwenye sauti nzito.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Haya, wapi panauma?"

"Sasa hapaumi," Mwanatumu akajibu haraka.

Daktari akaligonga gego kidogo tu kwa kijichuma. Mwanatumu akaruka kitini.

"Mdomo unakataa, mwili unakubali!" daktari akacheka. Akampiga picha ya eksirei, akamwonyesha kwenye kompyuta. "Tazama. Mizizi mingi ya meno hushuka wima. Huu wako umepinda mwishoni kama ndoana."

Mwanatumu akakodoa macho. "Ni kwa sababu nilidanganya?"

Daktari alicheka hata akavua miwani. "La hasha! Ulipinda wenyewe ulipokuwa ukiota. Wengine huwa hivyo. Tatizo ni tundu hili juu ya gego. Uozo umefika kwenye mshipa wa fahamu."

"Utaling'oa?"

"Nikiling'oa kwa pupa, hiyo ndoana itakatikia ndani. Na jino hili bado la kuokolewa. Nitalitia ganzi, niingize visindano vyembamba vinavyopinda, nisafishe ndani ya mzizi polepole, kisha nizibe. Lakini ukishtuka kisindano kikiwa pale konani, kitakatika. Picha imenionyesha mzizi. Maumivu hayaonekani kwenye picha. Ukihisi chochote, inua mkono."

Ganzi iliingia, shavu likawa zito kama si lake. Mwanzoni hakuhisi kitu. Kisha, ndani kabisa, akahisi kama anaumwa na sisimizi. "Nikinyamaza, tutamaliza upesi," akawaza. Akaukamata ukingo wa kiti kwa vidole. Sisimizi akauma tena, kwa nguvu zaidi, karibu ashtuke.

Akainua mkono.

Daktari akaacha papo hapo, akachomoa kisindano taratibu. "Hongera! Hapo ndipo penye kona yenyewe." Akaongeza ganzi, wakangoja, kisha akaendelea. Safari hii Mwanatumu hakuhisi hata kidogo, na nusura asinzie.

Wiki iliyofuata walirudi, jino likazibwa kabisa. Mwanatumu alipojitazama kwenye kioo, gego lake lilikuwapo, jeupe na zima.

"Watu hudhani mzizi uliopinda ndio unaonisumbua," Daktari Pamela alisema akivua glavu. "Huo nikijua umepindia wapi, naufuata. Mgonjwa anayenificha ukweli ndiye simwezi. Maumivu ukiyasema mapema, mwanangu, huwa madogo. Ukiyaficha, hukua."

"Nimesikia, daktari," Mwanatumu akajibu. "Na jino la juu, la kulia, linawasha kidogo."

Mama alishika kiuno, daktari akavaa tena glavu, na wote watatu wakaangua kicheko.