Maji ya Mfongo kwenye Zulia la Mama Aikande

Kila siku Zita alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvua sare, kuvaa ovaroli kuukuu ya baba yake na kwenda uani. Mwaka ule wa 1998, ua wa nyumba yao ya Shirimatunda, mjini Moshi, haukuwa na nafasi hata ya kuanika nguo. Land Rover chakavu ilisimama katikati, na juu yake, nyuma, baba yake Rogath alikuwa akiunda mashine ya kusafisha mazulia.

Rogath alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja mjini. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya alikuja na mafundi wake, naye Rogath akarudi nyumbani na kiinua mgongo. Wenzake wengi walifungua maduka. Yeye alinunua gari bovu. Alikuwa ameona nyumba za wageni zikichipuka kila upande kwa ajili ya watalii wa mlima, zote zimetandikwa mazulia ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyejua namna ya kuyafua.

Mashine yenyewe haikuwa na uchawi. Injini ya gari iliendesha pampu kwa mkanda. Pampu ilisukuma maji ya sabuni kutoka pipa la kwanza, yakapita kwenye bomba la chuma lililozungushwa kwenye ekzosi, bomba la moshi la injini, ili yapate moto, kisha yakafuata mpira mrefu hadi ndani ya nyumba na kunyunyizwa kwenye zulia. Hapo hapo feni kubwa, ambayo zamani ilipepeta kahawa, iliyavuta maji pamoja na uchafu hadi pipa la pili.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," jirani yao, mzee Eliakim, alisema kila alipochungulia. "Wewe Rogath unataka kuwaumbua wahenga?"

"Wahenga hawakuwa na feni, mzee," Rogath alijibu huku akifuta grisi mikononi.

Zita naye alikuwa na sehemu yake katika mashine ile. Mdomo wa mpira wa kuvutia maji ulipokuwa mpana, haukuvuta kitu. Yeye ndiye aliyeuliza, "Baba, kwa nini tusiubane? Mdomo ukiwa wazi hivi, upepo wote unapotea." Waliugonga kwa nyundo mpaka ukabaki upenyo wa kidole kimoja. Tangu siku hiyo, beseni zima la maji likimwagwa zuliani lilivutwa kabla hujahesabu kumi, na Rogath akaanza kumwita "fundi mwenzangu". Jina hilo lilimvimbisha kichwa kidogo, tusifiche.

Kazi ya kwanza ilitoka Old Moshi, kwa Mama Aikande, mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote za upande ule. Sebule yake ilikuwa na zulia kubwa la rangi ya maziwa, na wageni wa semina walitarajiwa Jumapili mchana. Wenye nyumba za wageni wote walimsikiliza Mama Aikande. Akisifu kitu, wangekisifu. Akikiponda, ndiyo basi.

Jumamosi asubuhi, wakinywa chai, Rogath alisema bila kuzunguka, "Kazi hii ikigoma, nitauza gari niende Mererani kuchimba tanzanite."

Zita aliweka kikombe chini. Darasani kwao walikuwepo watoto watatu ambao baba zao walikwenda Mererani, nao waliwaona mara moja kwa mwaka, Krismasi. Hakuimaliza chai yake.

Kule Old Moshi kazi ilianza vizuri ajabu. Walijaza pipa kwa maji ya bomba, Rogath akawasha injini, na nusu ya kwanza ya zulia ikang'aa hata Mama Aikande akavua viatu ili akanyage.

"Baba Zita, kumbe lilikuwa na rangi hii," alisema. "Nilishaisahau."

Maji yalipoisha, Rogath alimwambia Zita, "Jaza tena, fundi mwenzangu. Maji ya bomba tu. Na kile kitambaa cha kuchujia kisitoke kwenye mdomo wa pipa."

Lakini bomba lilikuwa limebadilika. Maji yalitoka membamba kama uzi, na ndoo moja ilichukua robo saa. Zita alipiga hesabu: ndoo nane, saa mbili nzima. Nyuma ya migomba ya Mama Aikande ulipita mfongo, ule mfereji ambao wazee walichimba kuleta maji kutoka mlimani, nao siku ile ulikuwa umejaa.

Rachel, mjukuu wa Mama Aikande, msichana wa rika lake, alimkuta akichota humo.

"Haya ni ya kunyweshea migomba," Rachel alisema. "Mvua imenyesha huko juu jana. Sisi hatufulii nguo nyeupe kwa maji haya."

"Maji ni maji," Zita alijibu. "Yakichemka kwenye ekzosi yatakuwa safi. Mimi ndiye fundi hapa."

Zita alimwaga ndoo ya kwanza pipani, lakini kitambaa kikaziba kwa tope na maji yakagoma kupita. Akakivua, akakificha chini ya kiti cha gari, akamimina ndoo zote nane.

Rogath alianza nusu ya pili. Dakika tano hazikupita akazima mashine. Palipopita mpira, zulia lilikuwa na rangi ya udongo wa kihamba, lile shamba la migomba nyuma ya nyumba. Mama Aikande aliingia, akatazama, akavaa viatu vyake.

"Hii nini, Baba Zita? Wageni wangu wanakuja kesho."

Rogath alipiga goti, akagusa zulia, akanusa kidole chake. Uso ulimshuka.

"Ni kutu, mama," alisema taratibu. "Bomba langu la kupashia moto ni la chuma. Shaba ilinishinda bei. Sasa limepata moto sana na linatoa kutu. Kosa ni langu. Sikulijenga vizuri." Alisimama na kuelekea garini. "Nitalifungua lote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usiku, labda. Na sijui kama litarudi kufanya kazi."

Zita alibaki mlangoni. Miezi saba alikuwa amemwona baba yake akilikunja bomba lile, akilichoma, akilijaribu, akilikunja tena. Sasa alikuwa ameshika spana kulivunja, na mbele ya watu alikuwa amesema hajui kazi. Zita aliona aibu. Rachel alikuwa amesimama kando ya kabati, anamtazama. Zita angeweza kunyamaza, na baba yake angebeba kosa lile hadi Mererani.

"Baba, usifungue," alisema. "Si kutu. Nilichota maji ya mfongo. Kitambaa kiliziba, nikakitoa. Rachel alinikataza, sikumsikia."

Spana ilibaki hewani. Kisha Rogath akaenda kwenye pipa, akatia mkono hadi chini na kuinua kiganja cha tope jekundu. Mabega yake yalilegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Tope," alisema. "Mama Aikande, tope bichi linatoka. Lakini lisiachwe likauke. Nahitaji maji safi sasa hivi."

"Bomba ndiyo hivyo unavyoliona," alisema Mama Aikande. "Chemchemi iko bondeni, na njia inateleza."

"Nitakwenda mimi," alisema Zita.

Alikwenda mara tano, na Rachel, bila kuombwa, mara tatu. Mteremko ulikuwa mkali, na safari ya nne Zita alianguka akamwaga ndoo nzima, akarudi kuanza upya. Huku nyuma Rogath aliosha pipa, akapiga maji kwenye mpira, akafunga kitambaa kipya. Waliposuuza zulia mara ya kwanza, pipa la pili lilijaa maji mekundu. Mara ya pili yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mara ya mwisho yakatoka safi. Jua lilipoanza kuegemea magharibi, Mama Aikande alizunguka sebule yote akitafuta mahali nusu mbili zilipokutana, na hakupaona.

"Mwezi ujao mje mfanye vyumba vya juu," alisema. "Na dada yangu kule Kwa Sadala nitamwambia." Kisha akamgeukia Zita. "Nimeshuhudia mafundi wengi wakiharibu vitu humu ndani. Wewe ni wa kwanza kuniambia ulivyoharibu."

Zita aliinamisha kichwa. Alitaka kuomba radhi, lakini Rogath alimwita garini.

"Leo umekosa mara mbili," alimwambia. "Umeona uvivu wa kusubiri, na umempuuza aliyekuonya. Kesho baada ya misa utaosha mapipa yote mawili peke yako."

"Ndiyo, baba."

"Sasa sikiliza. Mashine ikiharibika, mimi naweza kuitengeneza, hata kama ni saa ngapi. Lakini nitatengeneza kile ninachoambiwa. Ungenyamaza, leo ningevunja bomba zima ambalo halina ubovu, na tope lingekauka zuliani nikiwa bado natafuta kutu. Fundi akifichwa ukweli, huvunja kilicho kizima."