Mburuto wa Spana

Fundi bomba waliyemwita Koki alikuwa ameshavua viatu jioni ile alipoitwa tena kazini. Aliyeita ni mama mjane, sauti yake imekauka kwenye simu.

"Fundi, maji yangu yananuka. Mjukuu anaharisha tangu juzi."

Koki akavaa viatu vilevile, bado vina unyevu, akatoka huku giza likianza kuingia.

Zamani hakuwa mtu wa kuchoka hivi. Zamani walikuwa wawili. Kaka yake alipanda kwenye tangi, yeye akabaki chini jikoni, na badala ya kupayuka mpaka majirani watoke, walizungumza kwa kugonga bomba na spana. Pigo moja: fungua. Mawili: funga. Matatu: njoo, nina shida. Na kila alipomaliza kugonga, kaka aliiburuta spana juu ya bomba, krrrr, taratibu, kama mtu anayejikuna mgongo. Hakufundishwa na mtu. Ulikuwa ugonjwa wake tu, na Koki alimtania nao miaka yote. Kisha homa ikamchukua kaka. Tangu hapo Koki anapanda mwenyewe, anashuka mwenyewe, na mchana anakula bila wa kumcheka.

"Tangi lilisafishwa lini?" alimuuliza mjane alipofika kwake.

"Hee! Kwani tangi nalo linasafishwa?"

"Mama, si hata sufuria unaiosha? Tangi lisuguliwe kila baada ya miezi michache. Kifuniko kisikae wazi. Na asubuhi, maji yaliyolala kwenye bomba yamwage kwanza." Aliyasema kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuyasema nyumba nyingi, na nyumba zote zikaitikia tu.

Akafungua bomba la jikoni. Maji yalitoka na wekundu kidogo. Harufu haikuwa ya kutu. Ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni... na chini yake, kitu kingine.

Ilibidi maji yafungwe kwanza juu. Mazoea yana taabu. Bila kufikiri, akagonga bomba.

Ngo. Ngo.

Juu ya paa koki ya tangi ikalia, ikazunguka. Maji yakakatika.

"Mama... nani yuko juu?"

"Juu awe nani, fundi? Niko na mjukuu tu, amelala."

Akagonga mara moja. Maji yakarudi.

Hapo mwenye akili angechukua vifaa vyake akaondoka. Koki nywele zilimsimama, ni kweli, lakini moyo wake ulifurahi hadi macho yakalowa. Mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa muda mrefu hamkagui anayempokea.

Kisha bomba likagongwa kutoka juu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Njoo.

Alipanda ngazi haraka kuliko magoti yake yalivyotaka. Kifuniko cha tangi kilikuwa kando. Ndani maji meusi, yametulia.

"Kaka?" alinong'ona.

Ngo. Ngo. Ngo. Sauti ilitoka ndani ya maji, chini kabisa.

Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Maji yalikuwa vuguvugu. Akasubiri mburuto wa spana, ule wa kujikuna... Haukuja. Alisubiri tena. Kaka yake hakuwahi kugonga bila kuburuta, hata siku moja.

Kitu kikamgusa vidole. Kimoja kimoja, kama kinavihesabu.

Na kutoka chini, jikoni, bomba likalia: ngo, ngo... krrrr.

Funga.

Akachomoa mkono. Akafunga kifuniko, akakikaza kwa waya. Jikoni hakukuta mtu. Alimwambia mjane achote maji kwa jirani, haya asiyaguse hata kwa kunawa, na kesho atafute tangi jipya.

"Kwani kuna nini, fundi?"

"Tope, mama. Tope tu."

Nyumbani alinawa ule mkono kwa sabuni mara kadhaa. Harufu haikutoka. Mkewe alikuwa pale kwenye sinki akiosha vyombo, na Koki akamsimulia yote. Hapo ndipo alipokosea.

"Krrrr vipi?" mkewe aliuliza.

Akachukua kijiko, akamwonyesha kwenye bomba lao la chuma. Pigo hivi, mburuto hivi. Bomba lenyewe lilikuwa likivuja, maana nyumba ya fundi bomba ndiyo hukosa fundi. Tone... tone... Alipoanza kugonga, matone yakakoma. Hakuna aliyeyajali.

Kesho yake jua lilikuwa linazama alipoketi kuvua viatu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akatega sikio, amekamata kamba ya kiatu.

Krrrr.

"Ni kaka," alisema, akainuka kwenda kwenye ngazi ya tangi lao.

"Baba watoto, usiende! Tuliyasema hapa hapa jana, kikatusikia!"

"Ana shida. Damu ni nzito kuliko maji." Na alikuwa amechoka sana kuwa peke yake.

Alikuwa ameshafunua kifuniko, ameshainama, harufu ileile usoni, bomba lilipolia kutoka jikoni. Ngo, ngo... krrrr. Mburuto huo ulikatika katikati. Akafunga, akashuka. Alimkuta mkewe ameshika upawa wa chuma, analia.

"Nimegonga mimi," alisema. "Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine ya kukushusha."

Koki akamkumbatia. Walikuwa bado wamesimama hivyo bomba lilipogongwa tena, kutoka juu.

Ngo. Ngo. Krrrr. Mburuto ulikatika katikati, sawasawa na wa mkewe.

Sasa Koki hagongi tena bomba. Kazini hupiga kelele kama wengine, na nyumbani wanachota maji kwa ndoo. Jioni zote bomba lile hugongwa mara tatu, ukafuata mburuto, naye hubaki ameketi na viatu vyake mkononi.

Usiku mkewe husikia anavyogeuka kitandani. Maana jikoni kwa yule mjane kuna aliyemwokoa kwa mburuto, kabla kitu kile hakijaujifunza. Na kama huyo naye ni miongoni mwa wanaogonga jioni, basi kaka yake yuko na shida, anaita, na mdogo wake anamsikia.