Upande wa Chini wa Soko

Kila siku ya soko, kabla ya kwenda shule, Niyonkuru alimsaidia mama yake kubeba maharage na dagaa hadi sokoni Kibondo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na aliweza kutembea na ndoo ya maharage kichwani bila kuishika. Mama yake, Pelagia, aliuzia upande wa chini wa soko, ambako maji yote ya mvua yaliishia. Mvua ikinyesha, akina mama wa upande huo walinyanyua magunia yao na kusimama nayo mikononi. Ikikatika, waliendelea kuuza huku miguu yao imezama kwenye tope.

Mwaka huo, 1997, Mwalimu Tharsisi aliingia darasani na karatasi mkononi akasoma tangazo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza darasa lilikuwa na kelele. Ofisi moja ya ujenzi huko Kasulu ilikuwa inatoa tuzo kwa shule za Kibondo na Kasulu. Wanafunzi wawili wawili wabuni soko jipya la mji wao. Watengeneze mfano wake kwa udongo, wachore ramani ya eneo lenyewe, na jozi tatu za mwanzo ziende Kasulu, ambako kazi zao zitaingizwa kwenye kompyuta na kuonekana kama soko la kweli. Tuzo ya kwanza ilikuwa mabati ya kuezekea soko. Ya pili ilikuwa saruji.

Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kompyuta. Havyarimana wa darasa la saba alidai ameiona Kigoma mjini, kwamba ni televisheni yenye akili. Fidele, aliyekaa dawati moja na Niyonkuru, alimuuliza Havyarimana kama inaweza kumgawia na yeye akili kidogo. Wote walicheka.

Niyonkuru hakucheka. Alikuwa anawaza miguu ya mama yake. Jioni hiyo alimweleza Fidele wazo lake: paa peke yake halitoshi, kwa sababu maji hayatoki juu tu, yanateremka pia kutoka barabarani. Wachimbe mfereji wa saruji upande wa chini wote, kutoka kona hadi kona, uyapeleke maji bondeni. Fidele alikubali palepale.

Mwalimu Tharsisi aliwapa kamba ndefu ya katani. Walifunga fundo kila mita moja, wakipimia rula kubwa ya ubaoni. Aliwaagiza wapime pande zote nne, kisha wapime katikati ya soko kutoka kila kona hadi kona ya mbali. Aliwaonya pia wasiilowanishe kamba, kwa sababu katani ikilowa hurudi na vipimo huharibika. Fidele ndiye aliyekabidhiwa kamba.

Walipima Jumamosi. Upande wa juu ulikuwa mita sitini na mbili. Walipima pande mbili za ubavuni, wakapita katikati ya vibanda kona hadi kona, huku wauza ndizi wakiwatania kwamba wamekuja kupima kaburi la nani. Ulibaki upande wa chini tu, na wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya soko. Upande huo ulikuwa na tope, upupu, na maji machafu ya machinjioni.

"Andika sitini na mbili," Niyonkuru alisema.

"Hatujapima."

"Soko lina pande nne, Fidele. Wa chini ni sawa na wa juu. Unataka upupu ukuwashe mpaka Jumatatu?"

Fidele aliandika. Kisha akaifunga kamba ndani ya shati lake, wakakimbia.

Mfano wao uliwachukua wiki tatu. Walifinyanga udongo wa bondeni, wakasimamisha nguzo za mabua ya mtama, na mfereji wakautengeneza kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia ya msaada, likang'aa kama maji yenyewe. Barua ilipofika kwamba wao ni miongoni mwa jozi tatu, Fidele alizunguka uwanja wa shule mbio mara mbili bila kuambiwa na mtu. Pelagia alimfulia binti yake sare na kumwambia asiitapikie njiani.

Walifika Kasulu kwenye lori la misheni wamejaa vumbi jekundu, mfano ukiwa mapajani mwao. Ofisini, jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya nyumba. Bwana Stanislaus, mchoraji wa majengo, aliwakaribisha mbele ya kompyuta. Kila kipimo alichokiandika kilizaa mstari mweupe kwenye kioo cheusi. Upande wa juu. Ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia. Kona hadi kona. Niyonkuru alisogea karibu na kioo. Soko lake lilikuwa linajijenga lenyewe mbele ya macho yake.

Kisha Bwana Stanislaus akaandika sitini na mbili za upande wa chini, na mstari wa mwisho ukaipita kona na kutokeza nje. Alifuta, akaandika tena. Ukatokeza tena.

"Vipimo vyenu vya kona hadi kona vinasema upande huu ni kama mita hamsini na moja," alisema. "Nyinyi mmeandika sitini na mbili. Mojawapo si kweli."

Mwalimu Tharsisi alisema huenda kamba ilirudi. Siku ile mvua ilinyesha. Alimgeukia Fidele, akamkumbusha kwamba alimwonya asiilowanishe. Fidele alitazama viatu vyake.

Hapo Niyonkuru aliona kwamba ameokoka. Kisingizio kilikuwa tayari, tena kimetolewa na mwalimu mwenyewe. Angenyamaza, Bwana Stanislaus angerekebisha namba, na mabati yangeweza kuwa yao. Alimwangalia Fidele, ambaye siku ile alikuwa ameificha kamba ndani ya shati mpaka mwili ukamwasha kwa katani.

"Kamba haikulowa, Mwalimu," alisema. "Upande wa chini hatukupima. Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Niliogopa tope."

Mwalimu Tharsisi alimwomba Fidele radhi, jambo ambalo wanafunzi hawakuwa wamelizoea.

"Kamba hairudi mita kumi," Bwana Stanislaus alisema. "Nilikuwa nasubiri nani atasema. Sasa sikilizeni. Kompyuta inaweza kunipa namba, lakini mimi sijengi mfereji kwa namba ambayo hakuna mguu ulioikanyaga. Waamuzi wanakaa saa tisa. Kabla ya hapo nataka kipimo cha kweli."

Ilikuwa saa sita, na Kibondo ilikuwa mbali. Lakini ofisi ilikuwa na redio ya mawasiliano, na ofisi ya wenzao huko Kibondo ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka sokoni. Bwana Stanislaus aliita, akaomba aitwe Pelagia, muuza maharage. Baada ya dakika nyingi za mikoromo, sauti yake ilisikika. Niyonkuru alimweleza yote, kwa sababu redioni hakuna nafasi ya kuzungukazunguka.

"Kwa hiyo umenikosesha wateja siku ya soko kwa sababu ya upupu," Pelagia alijibu. "Subiri hapo hapo."

Walisubiri saa nzima. Fidele alihesabu vigae vya sakafu. Mwalimu alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Saa nane kasorobo redio ilikoroma.

"Tumeazima mita ya kupimia ya muuza vitenge," Pelagia alisema. "Tumepima mara mbili, mimi na Winifrida wa mihogo. Tope limetufika magotini. Hamsini na moja na nusu. Rudia nisikie."

"Hamsini na moja na nusu," Niyonkuru alirudia.

Bwana Stanislaus aliandika. Mstari ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona na kukaa hapo. Fidele alipiga kelele hadi mlinzi akachungulia dirishani. Kwenye kioo soko likasimama: nguzo, paa, na chini kabisa mfereji, ukiwa umenyooka kutoka kona hadi kona.

Waamuzi waliwapunguzia alama kwa kipimo cha kubuni. Mabati yalikwenda kwa shule moja ya Kasulu, na Kibondo ikapata tuzo ya pili. Niyonkuru alilia kidogo ndani ya lori. Fidele alimwambia alie haraka, kwa sababu wakifika kuna kazi.

Saruji ilikuja mwezi uliofuata. Akina mama wa upande wa chini walichimba wenyewe, fundi akajenga, na saruji ikatosha hadi kona ya mwisho ikabaki nusu mfuko. Fundi alisema kama wangemletea hesabu ya mita sitini na mbili, angeichanganya saruji iwe hafifu ili ifike mbali, na mfereji ungepasuka mvua za kwanza.

Mvua kubwa iliponyesha, Niyonkuru alikimbilia sokoni. Maji yalikuwa yanapita ndani ya mfereji kwa kelele, yakielekea bondeni. Mama yake alikuwa amefunika maharage kwa turubai, kwa kuwa paa bado halikuwapo. Miguu yake ilikuwa mikavu.

"Ulikosea ulipoandika usichokipima," Pelagia alimwambia, huku akimpimia mteja dagaa. "Ukarekebisha ulipokubali mbele ya watu. Ungenyamaza, Fidele angelibeba kosa lako, na mimi ningekuwa nimesimama ndani ya maji sasa hivi. Kazi ya uongo siku zote kuna mtu anailipia. Sasa shika upande ule wa turubai, unavuja."

Niyonkuru alishika.