Sekunde Kumi na Sita

Foleni ya kusajili laini za simu ilikuwa imefika barabarani, na mwanamume mwenye shati la bluu alikuwa akiwaeleza watu kwamba hapana, yeye si polisi, anaigiza tu. Miaka kumi na tisa alikuwa amebeba pingu kwenye filamu na tamthilia, akipigwa risasi kabla staa hajatoka jasho. Walimwita Afande. Jina lake hawakulijua na hawakuuliza.

“Mimi nafasi ndogo zinanitosha,” akawaambia.

“Mwongo,” akasema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Gauni la kijani, raba nyeupe, miwani juu ya nywele. “Ukidanganya, jicho lako la kushoto linapepesa.”

“Umejuaje?”

“Mimi ndiye mhariri wa hizo filamu. Nimeshakukata mara arobaini.”

Afande akacheka mpaka mlinzi akageuka. Tangu siku hiyo akamwita Mkasi, na simu zikawa asubuhi na jioni.

“Mkasi wangu, umekula?”

“Nimekula. Nawe umekufa leo?”

“Mara mbili, mpenzi.”

Mwaka uliofuata bahati ikamwangukia Afande: nafasi ya baba aliyefiwa na binti, bila sare, na hotuba ya dakika tatu kaburini. Aliikariri bafuni, akamsomea mama yake, akamsomea shangazi yake aliyekuwa na usikivu hafifu, kwa sauti ya juu. Siku ya onyesho la kwanza aliwaketisha wote wawili mstari wa mbele.

Kaburi likatokea. Uso wake ukajaa kioo kizima, kimya, kwa sekunde kumi na sita. Kisha staa akapanda gari, na filamu ikaendelea na mambo yake.

“Mbona hujasema?” shangazi akauliza, ukumbi mzima ukasikia.

Alitoka akampigia Mkasi simu hapo hapo kwenye ngazi.

“Nani ameikata hotuba yangu? Mwongozaji?”

“Mimi.”

“Wewe! Ili staa asifunikwe, sivyo?”

“Staa hahusiki. Nisikilize—”

“Nimesikiliza miaka ishirini! Mama yangu alivaa viatu vipya!”

Akakata simu. Wiki nzima hakupokea simu zake, na kila alipokumbuka swali la shangazi damu ilimchemka upya. Kilichomuudhi zaidi ni watu wa mtaani walioiona filamu. Muuza magazeti alimshika mkono kama msibani. Dereva mmoja alisimamisha gari akamwambia, “Baba, pole sana,” huku machozi yanamlenga. Hakuna aliyemwita Afande. Aliwachukia wote, maana walikuwa upande wa Mkasi bila kujua.

Siku ya nane aliusukuma mlango wa chumba cha uhariri kwa bega.

“Nionyeshe hotuba yangu.”

Mkasi hakubisha. Akaifungua kwenye kompyuta. Baba aliyefiwa akasema, akalia, akanyoosha mkono. Jicho la kushoto likapepesa. Likapepesa tena. Afande akalihesabu mpaka mara kumi na moja, akaona aibu, na aibu ikamzidishia hasira.

“Na ule uso? Uliutoa wapi? Sikumbuki kuuigiza.”

“Hukuigiza. Siku ile mlipokuwa mkirekodi kaburini, nilipopita kukuaga, nikienda safari ya mwezi mzima. Ulinitazama nikiondoka. Kamera ilikuwa haijazimwa.”

Afande akapiga meza kwa kiganja.

“Mtazamo ule ulikuwa wako! Umechukua kitu changu na chako, ukawapa watu waangalie huku wanakula karanga!”

“Ndiyo.” Sauti ya Mkasi nayo ilipanda. “Na kuikata hotuba sijutii! Uso ule ndio kazi bora uliyowahi kufanya, mjinga wee. Najuta kuwa sikukuambia kabla hujawaketisha wazee wako. Niliogopa. Nisamehe kwa hilo, hilo tu.”

Wakatazamana, wote wawili wakihema.

“Utakuja kwa mama yangu,” akasema Afande. “Utamweleza shangazi kwa sauti ya juu.”

“Nitakuja.”

“Na nataka kukuoa. Na bado nimekukasirikia, usidhani yameisha.”

Mkasi akashusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa, akalisogelea lile jicho la kushoto. Akasubiri. Akahesabu polepole mpaka kumi na sita.

Halikupepesa.