Mzunguko Kabla ya Chai

Ruwaida ni karani katika ghala la mchele huko Changamwe. Hukaa kitini tangu asubuhi. Saa nne huletwa chai na mahamri. Akishakunywa, hukaa tena.

Siku moja alipanda ngazi za ofisi, akasimama katikati akihema. Dama, muuguzi wa zahanati ya jirani, alimpima. Presha ilikuwa juu, akapewa dawa.

Ruwaida aliogopa sana. Presha ndiyo iliyompoozesha mamake upande mmoja, na ni Ruwaida anayemlisha.

"Nikianguka mie, mamangu atalishwa na nani?" aliwaambia wenzake. "Wallahi, kesho naanza mazoezi!"

"Tuko pamoja, dada," alisema Bonface, karani mwenzake kutoka bara. "Tutakimbia wote."

Jioni iliyofuata, Bonface aliwakimbiza kuzunguka ghala kama makurutu. Jua lilikuwa kali bado. Ruwaida na buibui lake alishikwa na kizunguzungu. Kesho yake miguu iliwauma wote, na hakuna aliyetaka kusikia neno mazoezi.

Ruwaida hakukubali. Alirudi kwa Dama.

"Ati mlianza kwa mbio!" Dama alicheka. "Anzeni kwa kutembea. Tembeeni upesi, lakini muweze kuongea. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo. Ongezeni kidogo kidogo hadi nusu saa, siku nyingi za wiki. Na dawa usiache."

"Na wakati tutautoa wapi? Jioni kila mtu akimbilia kwake."

"Chai yenu huchukua muda gani?"

Ruwaida alipiga hesabu. Chai yao, pamoja na porojo, ilikaribia saa nzima.

Siku ya pili, saa nne ilipofika, alilishika birika.

"Hanywi mtu mpaka tuzunguke ghala, upande wa kivuli."

"Dada Ruwaida, mahamri yatapoa!" Bonface alilalamika.

"Na yapoe."

Walinung'unika, lakini walitembea. Mvua iliponyesha, walitembea ndani, kati ya magunia. Kazi ilipozidi, wenzake walijificha. Ruwaida alizunguka peke yake, na kwa kuona haya walimfuata.

Miezi ikapita. Dama alimpima tena. Presha ilikuwa imeshuka.

Ruwaida alimpigia mamake simu huku akipanda ngazi. Alimsimulia yote, neno kwa neno, bila kusimama.

"Uko wapi, mwanangu?" mamake aliuliza polepole.

"Niko juu, mama. Nimeshafika."