Picha Mbili za Fundi Viatu

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufua sare zake, Upesi aliondoa kitambaa kilichofunika printa ya mama yake mkubwa na kuipangusa vumbi. Jina la Upesi alipewa na wenzake wa darasa la saba kwa sababu alikula upesi, alijibu upesi, na hata kukasirika alikasirika upesi. Mama mkubwa alikuwa karani mstaafu, na printa yake aliiheshimu kama mkwe.

"Usiivute karatasi kabla haijamaliza," alimwambia. "Ikinuna hii, haibembelezeki."

Siku hiyo Upesi alichapisha picha aliyoipenda kuliko zote alizowahi kupiga. Ilionyesha mikono ya fundi viatu wa karibu na posta ikipitisha uzi kwenye tundu la sindano, huku mwali wa jua ukishuka kutoka kwenye bati lililotoboka. Karatasi ya kwanza ilitoka na mistari. Mama mkubwa akasafisha kichwa cha wino, wakajaribu tena, na ya pili ikatoka safi. Upesi aliishika pembeni mpaka ikakauka.

Picha hiyo ilikuwa ya klabu ya upigaji picha ya shuleni. Kila Jumatatu wanachama walibandika picha zao ukutani, na kila mmoja alitakiwa kutaja jambo alilolipenda katika picha ya mwenzake. Mwisho wa mwezi, picha kumi zingepelekwa maktaba kuonyeshwa kwa watu wote.

Mchana Upesi alitumwa sabuni dukani. Aliporudi alimkuta Twiga, mwanafunzi mwenzake mrefu na mkimya, amesimama mbele ya printa. Kwao hawakuwa na printa, kwa hiyo mama mkubwa alimruhusu kuja kuchapisha picha zake pale. Karatasi ilikuwa ikitoka polepole. Upesi aliona vidole, uzi, sindano, mwali wa jua. Kabla hajaona zaidi, Twiga aliitia picha kwenye bahasha, akashukuru na kuondoka.

Upesi akageukia meza. Kadi ya kamera yake, aliyoiacha mezani, sasa ilikuwa dirishani. Ameinakili picha yangu, alijiambia.

Tangu hapo kila alichofanya Twiga kilimtia shaka. Jumapili walipokutana njiani, Twiga alitabasamu. Anatabasamia nini, kama si kunicheka? Jumatatu asubuhi Twiga alipita bila kumtazama. Anakwepa nini, kama hana hatia? Kufikia mapumziko Upesi alikuwa amewanong'oneza marafiki wawili, na kufikia kipindi cha mwisho darasa zima lilikuwa linajua.

Klabu ilipokutana, picha mbili za mikono ya fundi zilikuwa ukutani, kila moja upande wake. Zamu ya kuisifu picha ya Twiga ilipofika, watu walitazamana. Kisha mmoja akasema, "Mimi nimependa fotokopi yake." Wakacheka. Twiga aliibandua picha, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Sikuiba," alisema kwa sauti ndogo, akatoka.

Mwalimu wa sanaa hakucheka. Alimwita Upesi kando. "Una ushahidi gani?"

"Kadi yangu iliguswa, mwalimu."

"Na picha yake umeitazama vizuri?"

"Nimeiona."

"Sikukuuliza kama umeiona. Niletee ushahidi kesho kutwa. Ukiukosa, utazungumza mbele ya klabu."

Nyumbani, Upesi alimuuliza mama mkubwa habari za kadi.

"Niliisogeza mimi nilipokuwa napangusa meza," alijibu. "Yule mtoto hakugusa kitu. Nilikuwa nimeketi hapa hapa."

Hata hilo halikumtuliza Upesi. Labda mama mkubwa alimwonea Twiga huruma. Labda alisinzia kidogo kwenye kiti. Kesho yake akaenda kwa fundi viatu mwenyewe, akiwa na hakika kwamba fundi angesema hajawahi kupigwa picha na mtu mwingine.

"Yule mrefu?" fundi aliuliza, akiweka nyundo chini. "Huyo namjua sana. Alikuja mara tatu bila kupiga picha hata moja. Alikaa tu kwenye hilo benchi, akinitazama. Mara ya nne ndipo akaniomba ruhusa."

Akafungua kopo la misumari, akatoa picha iliyofungwa kwenye plastiki. Nyuma yake palikuwa na maneno ya shukrani na tarehe ilipopigwa: wiki mbili kabla ya siku ambayo Upesi alipiga ya kwake.

"Aliniletea jana, akiwa amenuna. Nilimuuliza ana nini, hakusema. Wewe nakukumbuka pia. Ulipiga, ukaondoka kabla sijaitikia salamu."

Upesi aliitazama picha ile kwa mara ya kwanza. Jua lilianguka gotini, si begani kama kwenye yake. Kiatu kilichokuwa kikishonwa kilikuwa cha mtoto. Na kidole gumba cha fundi kilikuwa na ufa uliojaa rangi nyeusi, ufa ambao Upesi hakuwahi kuuona. Alijisikia mdogo kama msumari.

Njiani aliwaza kunyamaza. Angeweza kumwambia mwalimu kwamba fundi hakumbuki. Lakini alipofika nyumbani machozi yalimtangulia, akamweleza mama mkubwa yote.

"Unajua la kufanya," mama mkubwa alisema. "Ulimsema mbele ya watu. Usimwombe radhi uchochoroni."

Jumatano Upesi alisimama mbele ya klabu. Alisema kwamba Twiga alimtangulia, na kwamba yeye ndiye aliyeeneza uongo. Halafu akataja alichokipenda katika picha ya Twiga: kile kidole gumba, jinsi kinavyosimulia kazi ya miaka mingi. Hakuna aliyecheka.

"Nimekusikia," Twiga alisema. "Lakini nilikaa siku mbili peke yangu."

"Najua. Hilo siwezi kulifuta."

Twiga aliigeukia picha ya Upesi ukutani. "Sindano yako imetoka kali kuliko yangu," alisema hatimaye. "Mkono wangu ulitikisika."

Wanachama walichagua picha ya Twiga kwenda maktaba. Jumamosi iliyofuata wasichana wote wawili walikuwa kwa mama mkubwa, wakiichapisha kwenye karatasi kubwa. Hawakuwa marafiki bado, lakini waliulizana habari za mwanga na karatasi, na Twiga alikubali kikombe cha chai.

Mama mkubwa aliiinua picha kuelekea dirishani, akaikagua, kisha akamgeukia Upesi.

"Ulipoitazama ukitafuta wizi, uliona wizi. Kidole hiki kilikuwepo siku zote, nawe hukukiona. Kazi ya mwenzako itazame mpaka uione, na kama una shaka naye, muulize yeye mwenyewe kwanza kabla hujawaambia wengine."